Shingo ya Gitaa la Mzee Kasiani

Mwanangu, ipo siku moja ya masika ambayo bado naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa kwenye karakana ya baba yangu pale Kibaoni, Ifakara, nimekaa kwenye kigoda, nimepakata gitaa la umeme lisilo na shingo. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi kabla, mninga niliouranda ulikuwa unanukia, na udongo wa nje nao unanukia kwa namna yake. Shingo ya gitaa ilikuwa mezani, imelazwa juu ya kanga iliyokunjwa. Nilikuwa naitazama tu. Ilikuwa imelala pale miezi mingi, nami miezi yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuitazama na kuipima.

Sasa ni mimi ninayeitwa bibi. Karakana ni ileile, bati tu limebadilishwa, na vijana mnaniletea magitaa ya kwaya na ya bendi zenu. Siku hizi mengine mnaagiza kwa simu, yanakuja kwenye boksi vipande vipande, kiwiliwili huku, shingo kule, skrubu kwenye kimfuko cha nailoni. Mnatazama video za mafundi wa ng'ambo mpaka bando linakwisha, halafu boksi linarudi uvunguni. Nikiwauliza kulikoni, mnasema, "Bibi, tunaogopa kuharibu." Huwa nawatania kwamba mnasubiri gitaa lijifunge lenyewe. Utani wenyewe siuendelezi, maana mwenzenu nilipita hapohapo, na nilipita vibaya. Kaa hapo, sukuma hayo maranda pembeni, nikusimulie.

Gitaa lenyewe lilikuwa la Mzee Kasiani wa Mofu. Enzi zake alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi iliyozunguka bonde zima. Walipiga Kidatu kwa wafanyakazi wa miwa, walipiga Ifakara siku za sikukuu, na baada ya mavuno waliteremka vijijini, wakati watu wana mpunga ndani na miguu inawawasha. Mimi nilimfahamu akiwa ameshaacha bendi, amerudi kwao kulima na kutega samaki. Alikuwa rafiki wa baba. Kila kiangazi alikuja Ifakara na mchele wake, akafikia kwetu, gitaa mgongoni. Ndiye aliyenifundisha kupiga, mimi binti mwenye maranda kwenye nywele. Majirani walisema mtoto wa kike na gitaa wapi na wapi. Yeye akawajibu, "Mwacheni. Huyu anakosea vizuri." Niliipenda kauli ile kuliko sifa zote nilizopata baadaye, ingawa mpaka leo sina hakika kama ilikuwa sifa.

Basi mwaka mmoja mto ulipanda kuliko kawaida, maji yakaingia mpaka ndani ya nyumba yake. Walihamisha wajukuu, mpunga na kuku kwanza, kama inavyostahili, na gitaa likasahauliwa. Waliporudi, kiwiliwili chake, ambacho kilikuwa cha mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja, kilikuwa kimevimba na kuachana kama kitabu kilicholowa.  Mzee Kasiani alichukua kisu cha kukatia mkate, akafungua skrubu nne za nyuma, akaitoa shingo, akaianika kivulini huku akiigeuzageuza kila siku kama mtu anayeanika tumbaku. Shingo ikapona.

Ngoja nikueleze kidogo, maana wengine mnapiga tu bila kujua kinachoshikilia nini. Yako magitaa ambayo shingo yake hugundishwa moja kwa moja, na kikiharibika kipande kimoja umepoteza vyote. Na yako haya ya skrubu. Kwenye kiwiliwili unachimba kitanda, yaani shimo la kina kidogo lenye umbo la kisigino cha shingo. Kisigino kinalala humo, kisha skrubu nne zinaingia kutoka mgongoni, zinapita kwenye kiwiliwili na kuing'ata shingo. Mvuto wote wa nyuzi unabebwa na mahali hapo padogo. Kitanda kikiwa hovyo, gitaa zima ni hovyo, hata ukilipaka rangi ya dhahabu.

Kiangazi kilichofuata Mzee Kasiani alifika Kibaoni na shingo hiyo imefungwa kwenye kanga ya mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Skola kwa jina la binti yao wa kwanza. Vyuma vya kwenye shingo vilikuwa vimelika pale vidole vyake vilipopita miaka yote, na mbao yenyewe ilikuwa inang'aa kwa jasho la zamani. Aliiweka mezani kwangu, si kwa baba. Baba aliona, akajifanya anatafuta msumari.

"Teo," aliniambia, "nichongee kiwiliwili."

Nilimjibu kwamba nitajaribu, akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akageuza kichwa, akanipa sikio la kulia, nikarudia tena kwa sauti. Ndipo akanieleza, huku anacheka, maana ndivyo alivyokuwa.

"La kushoto limeshafunga duka. Hili la kulia limebakiza mlango mmoja. Hospitali wameniambia nalo linafunga, lini hawajui. Miaka yote ile nimesimama mbele ya maspika, unadhani yangeniacha? Sasa mimi nataka nilisikie gitaa langu kabla mlango haujafungwa. Basi. Sina neno jingine."

Yeye alicheka, mimi sikuweza. Tangu siku ile nilijua kwamba sauti itakayotoka kwenye ubao wangu huenda ikawa ya mwisho kuingia masikioni mwa mtu aliyenifundisha kupiga. Niliona ni heshima kubwa, na kusema kweli niliiogopa. Niliapa moyoni kwamba litakuwa gitaa ambalo halijapata kutengenezwa bonde hili.

Kiwiliwili hakikunisumbua. Nilipata ubao wa mninga mkavu uliobaki kwenye kitanda cha maharusi alichokuwa ametengeneza baba, nikaukata, nikauranda, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Waya na sumaku za kunasa sauti nilizitoa kwenye gitaa bovu la kwaya. Wakati watu wanaanza kupanda mpunga, kiwiliwili kilikuwa tayari kinaning'inia ukutani, na kila mteja aliyeingia alikisifu. Nilizoea kusifiwa. Nadhani hilo nalo lilichangia.

Kilichobaki ni kuifunga shingo. Nilichimba kitanda chake kwa patasi ndogo, nikaiweka, ikakaa. Nikajaribu kupenyeza karatasi pembeni, ikaingia. Nikaitoa shingo, nikabandika kipande chembamba cha ubao, nikakwangua, nikaiweka tena. Nikavuta mshipi wa kuvulia samaki kutoka kichwani mwa shingo mpaka kwenye daraja la nyuzi, mmoja kila upande, ili nione kama nyuzi zitapita katikati. Mshipi mmoja ulikuwa umesogea unywele mmoja kuelekea ukingoni. Nikaanza upya. Baba alikuwa anapita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, anatazama, anaendelea na safari yake.

Kilichonitisha hasa ni kutoboa. Shingo ilikuwa na matundu yake manne ya tangu kiwandani, na kiwiliwili changu hakikuwa na hata moja. Nikitoboa pasipo mahali pake, shingo italala upande, nyuzi zitakimbilia ukingoni, na kila akipiga kidole kitateleza nje. Usiku nilikuwa naota keekee inateleza. Asubuhi naamka, napanga vifaa vyote mezani, napima tena, halafu nakumbuka kwamba kuna mlango wa mtu unasubiri bawaba.

Masika yakaingia, na yakaniletea sababu nzuri kabisa. Wewe umezaliwa hapa, unajua unyevu wa kwetu. Milango inakataa kufunga, droo zinakwama, na kitanda cha shingo nilichokipima kiangazi kikabana mpaka shingo ikawa haiingii bila kusukumwa. Nikasema sasa siwezi kukwangua, maana mbao ikikauka itapwaya. Ningoje maji yashuke.

Hapa ndipo ugonjwa wetu watu wa bonde uliponipata. Sisi mambo yetu mengi husubiri maji. Barabara ya Mofu itapitika lini? Maji yakishuka. Harusi ya fulani ni lini? Maji yakishuka. Tumesema hivyo kwa sababu ya kweli, mto haubishani na mtu, na kwa kuwa ni kweli tumezoea kuliweka jibu hilo hata pale ambapo mto haupo. Mzee Kasiani alikuwa akinitumia salamu kwa madereva wa malori, anauliza gitaa limefikia wapi. Nami nilimrudishia salamu zilezile, kwamba maji yakishuka, Mzee. Hakuwahi kulalamika. Mtu wa Mofu ukimwambia hivyo atakubishia vipi?

Sasa turudi kwenye ile siku yenye harufu. Mama Skola aliingia karakanani bila kupiga hodi, kanga imelowa mpaka magotini, kapu mkononi. Alikuwa amekuja Ifakara kwa lori kufuata dawa ya mjukuu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo shingo bado imelala?"

"Bado, Mama. Mbao imevimba. Nasubiri maji yashuke kidogo ndipo..."

Hakuningoja nimalize. Alikaa juu ya gogo la baba, akakamua pindo la kanga polepole, kisha akaanza kunisimulia kana kwamba ndicho kilichomleta.

"Juzi nilimwacha shambani, juu ya dungu, anaamia ndege. Mpunga umeanza kushika, unajua mwenyewe. Nimerudi nakuta kwelea wamejaa, kelele mpaka unaziba masikio, na mwenzangu amekaa juu yao anashona wavu. Ametulia kama mtu aliye kanisani. Nikapanda, nikamgusa bega. Akashtuka, akaliona shamba, akaanza kulipiga debe kama mwendawazimu. Halafu akaniambia eti alikuwa anawaza mambo yake. Teo, nimekaa na mwanaume yule tangu sijawa na mtoto. Hajawahi kunidanganya kwa uongo mbovu namna ile."

 Nilichukua msasa, nikauweka tena chini.

"Wakati wa kupanda alikuwa bado anaisikia redio," akaendelea. "Anaiweka hapa, kwenye shavu, lakini anaisikia. Sasa hivi mpaka nimkaribie sikioni na nipaze sauti, tena maneno mengine anayakisia. Nikuulize, na usinijibu haraka. Unatengeneza gitaa la Mzee, au unatengeneza gitaa la watu kukusifu?"

"Nataka liwe zuri, Mama. Ndilo la mwisho atakalolisikia."

"Kwa mwendo huu la mwisho atakalolisikia ni lile debe."

Alisema bila hasira, mwanangu, na ndiyo maana liliniingia. Angefoka ningejitetea, nilikuwa na maneno tayari, unyevu, mninga, unywele mmoja. Mbele ya sauti ile ya kawaida maneno yangu yote yalikuwa ya kipuuzi. Aliisogelea meza, akaishika shingo kwa mikono miwili, akaitazama pale palipolika.

"Nani alikwambia anataka zuri? Mimi nilikuwepo. Alisema anataka lake. Hizi skrubu zikishafungwa hazifunguki tena?"

"Zinafunguka."

"Yeye alizifungua kwa kisu cha mkate. Wewe una bisibisi." Akachukua kapu lake. "Lori linarudi kesho asubuhi. Nalala kwa dada yangu. Nikipita hapa, nikukute umelishika likiwa zima, tuondoke wote. La sivyo nipe hiyo shingo niirudishe kwake, walau aishike."

Alipotoka, baba aliinua kichwa kutoka kwenye mlango aliokuwa anaupiga randa. Nilidhani atanitetea. Aliniambia tu, "Keekee ipo kwenye sanduku la chini," akaendelea na randa yake.

Sasa sikiliza namna kazi ilivyokwenda, maana huenda kesho ukaihitaji. Nilichukua misumari midogo minne, nikaikata vichwa, nikaipachika kwenye matundu ya shingo ncha zikiwa nje kidogo tu. Nikakwangua kitanda mahali palipovimba, nikaiingiza shingo, nikatazama mishipi miwili mara moja, nikabonyeza kwa nguvu. Nilipoitoa, zile ncha zilikuwa zimeacha alama nne kwenye mninga. Hapo ndipo nikatoboa. Tundu la kwanza nilisimama njiani mara tatu kupima, la pili nikawa nimeshasahau kuogopa. Matundu ya kiwiliwili nikayapanua kidogo ili skrubu zipite bila kung'ata, zikaing'ate shingo peke yake, maana hapo ndipo zinapotakiwa kuvuta. Nikazisugua kwenye sabuni ya mche ili zisikatike, nikazikaza kwa zamu, pembe kwa pembe, sio moja mpaka mwisho halafu nyingine.

Nikatia nyuzi. Zilikaa juu mno, kidole kinaumia. Nikalegeza, nikakata kipande cha boksi la majani ya chai, nikakitia chini ya kisigino kama kabari, nikakaza tena. Uzi wa chini ulikuwa unakimbilia ukingoni. Nikalegeza skrubu kidogo, nikaivuta shingo kwa mkono kama unavyomnyoosha mtoto kola, nikakaza. Ukarudi katikati. Mwanangu, nilisimama pale nikiwa na hasira na mimi mwenyewe. Kila nilichokuwa nakiogopa kilikuwa na dawa, na dawa yenyewe haikuwa inaonekana mpaka gitaa lifungwe. Ningepima mpaka nizeeke, nisingejua kwamba linataka kipande cha boksi la chai. Upande mmoja wa kitanda palibaki nafasi ya kuingia ukucha. Nikaiacha.

Asubuhi tulipanda lori na Mama Skola, gitaa nimelifunga kwenye kanga ileile, mkononi nina spika ndogo ya betri niliyoazima kwenye kwaya. Baada ya Idete lori likashindwa, barabara ilikuwa imekuwa bwawa. Tukapata mkokoteni wa kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anarudi kwenye mifugo yake upande ule. Aliutazama mzigo wangu. "Dada, unamficha nani humo?" Mama Skola akamjibu, "Mume wangu." Kijana akacheka mpaka akasahau kuwapiga ng'ombe, wakasimama katikati ya maji. Nilicheka na mimi, na nilifurahi, kwa sababu nilijua ninakwenda kufanya jambo jema. Furaha ile bado naionea huruma.

Mzee Kasiani alikuwa barazani, nyavu miguuni. Nilimwamkia kwa kupaza sauti, akaitikia kabla sijamaliza, nadhani kwa kuniona midomo. Nilipofungua kanga alisimama. Hakulipokea. Alipitisha kidole mahali shingo inapokutana na kiwiliwili, juu, kisha chini, kama daktari anayetafuta pale panapouma. Akanionyesha kigoda. "Piga wewe," akasema. "Nataka kusikiliza."

Niliunganisha spika, nikaiweka karibu na sikio lake la kulia, nikapiga kile kipande alichonifundisha mwanzo kabisa, cha vidole vitatu, ambacho bendi yao ilikuwa inafungulia dansi. Gitaa lilikuwa na sauti tamu. Nakwambia bila kujisifu, mninga ule uliimba. Watoto wa jirani walikuja wakasimama uani. Mzee Kasiani alikuwa anatazama vidole vyangu, anatabasamu, anatikisa kichwa kufuata muziki.

Alikuwa anakitikisa nje ya mdundo.

Mtu yule, ambaye akiona mwanamke anatwanga alikuwa anapiga makofi kufuata mchi, kichwa chake kilikuwa kinakwenda peke yake, kinachelewa, kinawahi. Alikuwa anakisia kwa kuangalia mkono wangu. Niliongeza sauti mpaka kuku wakakimbia. Akawatazama kuku, akatabasamu zaidi. Nilipomaliza alisema, kwa sauti kubwa mno, "Zuri. Zuri sana, binti yangu." Mama Skola alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani.

Nililia pale barazani. Nililia mbele ya watoto wa watu, gitaa likiwa mapajani, bila hata kujificha na kanga. Nilikuwa nahesabu. Wakati wa kupanda alikuwa anaisikia redio, na wakati wa kupanda kiwiliwili kilikuwa ukutani kwangu kinasifiwa na wateja.

Mzee Kasiani aliniacha nilie kwanza. Kisha akalitwaa gitaa mikononi mwangu, akalikumbatia kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu analikumbatia gitaa. Aliinama, akaubana mfupa wa taya lake kwenye bega la kiwiliwili, hapo hapo karibu na shingo, akafumba macho. Akagusa uzi wa juu. Akatulia. Akagusa wa pili. Alipofika wa tatu akakunja uso, akaugusa tena, na tena.

"Huu uko chini," akasema.

Nikajipangusa, nikausikiliza. Ulikuwa chini kweli, kidogo sana, mtikisiko wa safari ulikuwa umeulegeza na mimi kwa haraka zangu sikuugundua. Mkono wake ulipanda kichwani mwa shingo bila kutazama, akaukaza, ukasimama mahali pake hasa. Akaanza kupiga. Mgongo umepinda, taya juu ya mbao, jasho linatiririka kwenye mninga wangu, na vidole vikakanyaga mahali vilipopasugua miaka mingi. Alipiga mpaka Mama Skola akatoka ndani na kukaa chini karibu na miguu yake. Mdundo haukuyumba hata mara moja.

Alipoinua kichwa alikuwa na alama nyekundu kwenye taya.

"Kwenye mfupa nasikia kwa mbali," aliniambia. "Kama mtu anapiga nyumba ya pili. Lakini ni lenyewe, Teo. Shingo imeshika." Kisha akapitisha ukucha kwenye ile nafasi niliyoiacha. "Hapa umebakiza."

"Ndiyo, Mzee. Nitakuja nipaweke sawa."

"Maji yakishuka?" akaniuliza, akacheka mpaka akakohoa. "Paache. Usilifungue tena."

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na hivyo ndivyo alivyopiga mpaka mwisho, taya juu ya ubao. Wageni walidhani amelala. Nilikwenda kumtazama kila nilipoweza, masika na kiangazi, na hakuna siku aliyonilaumu. Lakini sauti ile iliyotoka kwenye spika, ile iliyowatoa watoto majumbani, yeye hakuisikia. Mimi nikisikia mahali sauti ya namna ile, nakumbuka kwamba ilikuwa yake, na ilimpita kwa sababu yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, ninachotaka ukishike ni hiki. Sikwambii ufanye kazi hovyo. Pima, chonga, rudia, mimi mwenyewe ukiniletea kazi chafu nitakurudisha nayo mlangoni. Lakini ukijikuta unapima tena kile ulichokwisha kukipima jana, weka kipimo chini ujiulize unaogopa nini, na nani anakaa anasubiri wakati wewe unaogopa. Kazi nyingi za duniani zina skrubu. Zinafungwa, zinajaribiwa, zinalegezwa, zinatiwa kipande cha boksi, zinakazwa tena. Masikio ya mtu hayana skrubu. Kama kuna mzee wa kwenu unayetaka kumpelekea kitu, nyumba, cheti, mjukuu, wimbo, au hata neno la asante tu, usikae unakisugua msasa. Mpelekee kikiwa na nafasi ya ukucha. Atakuonyesha mwenyewe palipobaki, na utafurahi kuonyeshwa. Na siku ukitaka kusema maji yakishuka, toka kwanza nje ukaangalie kama kweli kuna maji.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe kazi inayokutisha kidogo na moyo wa kuianza asubuhi hiyohiyo. Akupe na mtu wa kukwambia ukweli kwa sauti ya chini, kama mimi nilivyompata Mama Skola. Na wale unaowapenda, awaachie masikio yao mpaka ufike, nawe akuwahishe.